Kabla hujarusha droni ya kupima mazao: mwangaza si uakisi

Betri zijae, kadi iwe na nafasi, lenzi zifutwe. Hayo kila mtu anayajua. Kinachoharibu kazi ni kuamini kwamba shamba linalong'aa pichani ndilo lenye afya.

Namba ya pikseli inakuambia tu mwanga ulioingia kwenye kamera. Inapanda na kushuka kwa jua, kwa wingu, kwa mipangilio ya kamera yenyewe. Uakisi ni habari nyingine: ni sehemu ya mwanga ulioliangukia jani ambayo jani limeirudisha, kati ya 0 na 1. Jani lenye afya hurudisha chini ya 0.1 ya mwanga mwekundu, na infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, mara nyingi 0.4 au zaidi. Wingu likipita mwangaza unaporomoka, lakini jani ni lile lile. Ukitaka kulinganisha shamba la leo na la mwezi ujao, linganisha uakisi.

Piga picha ya kibao cha ulinganishi, yaani kibao ambacho uakisi wake unajulikana na programu hukitumia kugeuza mwangaza kuwa uakisi, kabla ya kuruka na baada ya kutua. Kisishikwe usoni kwa vidole. Thamani za uakisi unazoingiza kwenye programu ziwe za kibao hicho hicho, kila mkanda wa mwanga (nyekundu, infraredi na kadhalika) na yake.

Na kivuli! Hapa naomba usome polepole. Kuna shamba la mahindi lililopimwa kabla na baada ya mbolea. Ramani ya pili ilipendeza mno, mwenye shamba akaambiwa mbolea imetosha, akaacha awamu iliyobaki. Baadaye majani ya chini yakaanza umanjano kutoka nchani, ukifuata mshipa wa kati, dalili kwamba mbolea haikutosha. Picha ya kibao ilipokaguliwa, kivuli cha bega la rubani kilikuwa kimekilalia kibao chote.

Programu ilidhani siku ile mwanga ulikuwa hafifu, ikapandisha namba za shamba zima. Wapo wanaosema NDVI, kipimo cha afya ya mmea kinachopatikana kwa kugawa tofauti ya infraredi na nyekundu kwa jumla yake, ni uwiano, kosa litajifuta lenyewe. Halijifuti. Kivulini kibao kinamulikwa na anga, na mwanga wa anga la buluu una infraredi haba kuliko nyekundu, hivyo infraredi ndiyo inayokuzwa zaidi. Tuseme nyekundu imepanda kutoka 0.08 hadi 0.16, infraredi kutoka 0.4 hadi 1.0: NDVI inatoka 0.67 na kufika 0.72, wakati mmea haujabadilika hata kidogo. Ukiona jani linarudisha 1.0, yaani mwanga wote, simama hapo hapo, kafungue picha ya kibao.

Kwa hiyo simama upande ambao kivuli chako kinaangukia nyuma yako, na gari na nguo nyeupe vikae mbali na kibao. Kihisi cha mwanga kilicho juu ya droni kisizibwe na kitu. Mawingu yakiwa ya vipande vipande, subiri. Jioni sana usiruke, vivuli vya mistari ya mazao vitakusumbua. Picha ghafi zitunze, usifute hata moja mpaka ramani ikaguliwe.