Jinsi ya kusoma kitabu kwenye daladala bila kupitilizwa kituo

Kwanza kitabu kiwe chembamba, kiingie mfuko wa nyuma wa jinzi, maana ukisimama mkono mmoja umeshika bomba, mwingine ndo unafungua kurasa kwa dole gumba. Mi nanunua vya mtumba Posta, hapa Dar, wanavitandaza chini kwenye turubai, we chuchumaa tu pekua kama huna shida navyo, bei uliza mwisho, na hakikisha kurasa za mwisho zipo, nishawahi kusoma riwaya siku nne nikakuta mwisho umenyofolewa, inaniuma hadi leo.

Siti sasa. Unatoka Mbagala kwenda Kariakoo asubuhi? Sahau, labda ugeuze nalo, yaani ulidake linapokuja mwisho wa gari, unalipa nauli mara mbili ila unakaa. Kaa upande usio na jua. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, ndo usiseme, toka ianze 2016 sijamaliza hata ukurasa mmoja mle, mtu utafunguaje kitabu wakati pua iko kwapani kwa mwenzio.

Siasa zikianza (na zitaanza tu, mtu akitaja bei ya mafuta gari zima linageuka bunge) funga kitabu usikilize, zile dialogi hakuna mwandishi anazitunga mezani.

Na kituo mkabidhi jirani mapema: "Dada samahani, tukikaribia Mtoni kwa Azizi Ally nishtue." Akisinzia na yeye, basi masikio yabaki kwa konda, akiita tu "Azizi Ally wapo?" we jibu "wapo!" kwa nguvu, ukurasa utaukunja ukishashuka.