Kabla Hujalipa Ada ya Kozi ya Mazingira

Usiende kwa jina la kozi. Sayansi ya mazingira itakupeleka zaidi kwenye vipimo na utafiti, usimamizi wa mazingira kwenye sheria, mipango na ukaguzi, uhandisi wa mazingira kwenye usanifu wa mitambo kama ile ya kusafisha majitaka. Omba orodha ya masomo, isome mwaka kwa mwaka, ndipo uamue.

Kemia na takwimu huzikwepi. Kama ulizikimbia sekondari, anza kuzirudia sasa.

Hakikisha cheti kinatambuliwa. Katika nchi nyingi, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira lazima iandaliwe na mtaalamu aliyesajiliwa, na usajili una masharti ya shahada na uzoefu. Yasome kabla ya kulipa, siyo baada ya mahafali. Na mtu akikuahidi kozi ya siku mbili utakayotoka nayo na "cheti cha ISO 14001", shika pesa yako. Cheti hicho hupewa taasisi iliyokaguliwa mfumo wake wa usimamizi wa mazingira. Mtu binafsi husomea ukaguzi wa mfumo huo, na hicho ni kitu kingine.

Ramani za kompyuta jifunze mwenyewe hata kama chuo hakifundishi. Programu ya QGIS ni bure, na picha za setilaiti za Landsat, ambazo kumbukumbu zake zinaanzia 1972, ni bure pia.

Sasa hili ndilo kubwa: uliza kuhusu kazi za uwandani. Nimefanya kazi na kijana aliyetoka chuo na ufaulu mzuri, sheria anazitaja kwa vifungu. Wakazi walilalamika kuwa kiwanda kinamwaga majitaka mtoni, akatumwa kuchukua sampuli. Akajaza chupa, akaziweka kwenye buti ya gari bila barafu, akapitia kikao, akazifikisha maabara kesho yake mchana. Lebo aliziandika kwa kalamu ya wino, unyevu ukafuta nusu ya maandishi. Saa ya kuchukua sampuli haikuandikwa popote.

Elewa kilichoharibika hapo. Kipimo cha BOD, kimojawapo cha vipimo vya majitaka, huangalia oksijeni ambayo bakteria hutumia kula uchafu kwa siku 5 katika nyuzi 20 za Selsiasi. Chupa ikikaa kwenye joto, bakteria huanza kula njiani. Ikifika maabara uchafu umepungua, na jibu linasema maji ni masafi kuliko yalivyokuwa mtoni. Ndiyo maana sampuli hukaa gizani, kwenye kisanduku chenye barafu, karibu nyuzi 4, na fomu ya makabidhiano huandamana nayo mkono kwa mkono. Oksijeni iliyoyeyuka hupimwa pale pale mtoni.

Maabara ilizikataa zote. Waliporudi, mvua ilikuwa imenyesha, mto umejaa, hakuna cha kuonyesha. Wakazi wakaendelea kuteka maji yale yale. Linaniuma mpaka leo, maana malalamiko yao yalikuwa ya haki na ushahidi ukafia kwenye gari. Kijana hakuwa mzembe. Miaka yote ya chuo hakuna aliyewahi kumkabidhi chupa.

Kwa hiyo uliza bila aibu: anayeshika kifaa ni mwalimu au mwanafunzi? Mita ya pH, ile ya kupima asidi ya maji, mnaihakiki wenyewe kwa myeyusho wa pH 4 na wa pH 7 kabla ya kupima, au mnatazama? Omba kuingia maabara uone kama vifaa vinatumika au vimefunikwa vumbi. Tafuta waliohitimu mwaka jana, waulize wewe mwenyewe, usitegemee vipeperushi.

Mafunzo kwa vitendo yatafute mapema, na uyafanye mahali utakapotoka ofisini. Nunua buti za mpira. Usiingie mtoni peke yako, wala kwenye shimo la majitaka bila aliyefunzwa, gesi ya humo huua. Weka daftari la uwandani na usilitupe. Na ukishaajiriwa, kuna siku utaletewa ripoti ya eneo ambalo hujafika, uambiwe ni saini tu. Usisaini.