Kabla hamjarudi Vegas na marafiki: mambo ya kupanga mkiwa bado Mombasa

Naandikia wale wa hapa Mombasa waliowahi kufika Las Vegas miaka ya nyuma, saa hizi wanataka kurudi na marafiki na kila jioni pale maskani wanapigiana hesabu. Kitu cha kwanza, futeni ile Vegas ya zamani kichwani. Hoteli ya kasino ya Stardust ilishabomolewa 2007. Mirage, ile yenye volkano ya mbele watu walikuwa wanajazana kuitazama, ilifungwa Julai 2024, na Tropicana iliangushwa kwa baruti Oktoba 2024 manake pale panajengwa uwanja wa besiboli. Hata eapoti si McCarran tena, tangu Desemba 2021 inaitwa Harry Reid, kwa hivyo msishtuke mkiona jina geni kwenye tiketi. Halafu kuna lile duara kubwa la taa, ukumbi wa maonyesho unaoitwa Sphere, lililofunguliwa 2023, lina urefu wa zaidi ya mita 110 na usiku linawaka nje nzima. Kama wewe ndo umejitolea kuwa mwenyeji wa kundi basi angalia mpya ni zipi kwanza, usije ukawaahidi watu volkano ambayo haipo.

Viza sasa. Hapa ndo makundi mengi yanavunjikia. Kila mtu anajaza fomu yake, analipa dola 185 zake ambazo hazirudi ukinyimwa, na anaenda intavyuu yake ubalozini Gigiri, hakuna cha kusema sisi ni kundi tutazungumza pamoja. Kwa hivyo kaeni chini mapema mkubaliane: tukiwa wanne na mmoja akanyimwa, wengine wanaenda ama hawaendi? Na pesa ya chumba aliyochangia anarudishiwa na nani? Inaonekana mambo madogo lakini urafiki wa miaka unaweza kuingia doa hapo. Mimi naona sawa kabisa wengine waende, bora imesemwa mapema na iko kwenye meseji ya kundi. Na msilipe hoteli wala ndege isiyorudishwa pesa kabla pasipoti zote hazijarudi na viza ndani. Masharti ya viza yanabadilika badilika sana siku hizi, someni tovuti ya ubalozi wenyewe, msitegemee aliyeenda mwaka juzi.

Pesa ndo yenyewe. Watu wanaogopa meza za kamari, kumbe pesa inaisha pembeni ya meza. Hoteli inakuonyesha chumba dola 60 unafurahi, kisha inakuja ada ya rizoti ya kila usiku ambayo hoteli kubwa inafika dola 40, 50 ama zaidi, utumie bwawa la kuogelea usitumie, na kodi juu yake. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inawalazimu waonyeshe bei nzima kuanzia mwanzo, lakini bado fungua ule mchanganuo usome mwenyewe. Ukifika kaunta wanashikilia dipoziti kwenye kadi, na kama ni kadi ya benki iliyofungwa na akaunti yako ya kawaida hiyo pesa inakaa imeshikwa siku kadhaa hata baada ya kuondoka. Mwenye kadi ya mkopo kwenye kundi ndo aiweke pale, wengine wamlipe kwa M-Pesa kabla ya safari, si "nitakutumia tukirudi". Kule kaunta ukiwatajia M-Pesa watakuangalia tu. Halafu kwenye vyumba vingine friji ndogo lina sensa, unainua soda usome lebo tayari imeandikwa kwa bili, kwa hivyo maji nunueni duka la dawa la barabarani. Na tipu, jamani, tipu si hiari vile tumezoea huku, mkahawani ni asilimia 18 hadi 20 ya bili, anayesafisha chumba dola chache kila siku, hata anayewabebea mabegi. Kila mmoja atembee na noti za dola moja moja.

Tarehe pia ni pesa. Katikati ya wiki chumba kinaweza kuwa nusu ya Ijumaa na Jumamosi. Epukeni wiki ya Formula One mwezi wa Novemba na ile ya maonyesho makubwa ya elektroniki mapema Januari, bei hapo hazishikiki.

Kwenye kamari yenyewe, anayetaka kucheza ajue anachocheza. Ruleti, ile gurudumu la namba na kipira, ya sifuri moja ina namba 37 na kasino inachukua kama asilimia 2.7 ya pesa mnazoweka, ya sifuri mbili ni 5.26, na kuna zile za sifuri tatu zimejaa Strip, ile barabara kuu ya makasino, siku hizi, hiyo ni 7.69. Meza inafanana, kitambaa kile kile, wewe hesabu sifuri kabla hujakaa. Kwa blackjack, mchezo wa karata wa kutafuta 21, soma maandishi ya mezani, ikiwa 3:2 dola 10 yako ikipata blackjack, yaani 21 kwa karata mbili za kwanza, inalipwa 15, ikiwa 6:5 inalipwa 12 tu, na hizo za 6:5 ndo nyingi meza za bei ya chini. Mgeni akishinda pesa kubwa kwenye mashine za kamari anakatwa kodi asilimia 30 papo hapo, ila meza za blackjack na ruleti hazina hayo makato kwa mgeni. ATM za ndani ya kasino zina makato ya kukasirisha, ingia na keshi ya siku hiyo mfukoni na kadi iache chumbani kwenye sefu. Umri ni 21, kama kuna kijana wa miaka 19 mnamchukua hatakiwi hata kusimama karibu na mashine.

Na asiyecheza asilazimishwe, tena asichekwe. Kina sisi wengi dini hairuhusu na hakuna shida, mji una mambo mengi ya kutazama bila kuweka senti. Chemchemi za hoteli ya Bellagio ni bure. Shida tu ni kwamba hoteli nyingi kwenda kwenye lifti lazima ukatize katikati ya kasino na moshi wa sigara, manake kuvuta ndani bado kunaruhusiwa, mwenye pumu abebe dawa yake. Misikiti na mikahawa ya halali ipo lakini mbali kidogo na Strip. Kibla, wacha mazoea ya hapa ya kuelekea kaskazini moja kwa moja, kule inaegemea kaskazini mashariki.

Msiseme joto sisi tumezaliwa nalo. La huku lina unyevu, unatoka jasho unajua umechoka, la kule ni jangwa, jasho linakauka kabla hujaliona na kichwa ndo kinakwambia huna maji. Julai 2024 ilifika nyuzi 48.9. Usiku wa Januari nao unakaribia sifuri. Ndani AC ni kali mwaka mzima kwa hivyo sweta ama leso haikosi begini, na mafuta ya midomo. Viatu viwe vilivyozoea mguu, Strip ni karibu kilomita 7 na hoteli unayoiona "hapo tu" ni nusu saa kwa mguu.

Vitu vya haraka haraka: umeme ni volti 120 na plagi ya miguu bapa, chaja ya simu itafanya kazi na adapta lakini pasi yako ya hapa haitapata moto. Bangi utaona maduka wazi kabisa, sheria ya Nevada inaruhusu lakini ya serikali kuu hairuhusu, na mgeni mwenye viza ndo wa kwanza kuumia, msiguse. Anayetaka kuendesha gari kwenda bwawa la Hoover ama kwenye miamba ya Red Rock atoe leseni ya kimataifa huku huku.

Kurudi, tofauti ya saa ni 10 ama 11 kutegemea msimu, na safari nzima inapita siku moja. Ndege ikiwashusha Nairobi jioni msikimbizane na treni ya usiku kutoka Syokimau, laleni, mpande ya asubuhi, na kazini ombeni siku moja ya ziada kabla hamjaondoka.