Kupunguza joto la nyumba kabla ya kununua kiyoyozi

Msimu wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, ndio unaomaliza yuniti za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, na wengi wetu hukimbilia kiyoyozi kabla ya kuitazama nyumba yenyewe. Nashauri kwanza uzuie joto lisiingie, kisha upitishe upepo, na mashine uifikirie mwisho.

Kama tayari unacho kiyoyozi, anza kwa kupima. Andika yuniti zilizobaki kwenye mita unapolala, uzisome tena alfajiri, na usiku unaofuata fanya hivyo hivyo kiyoyozi kikiwa kimezimwa na feni peke yake ikizunguka. Feni ya dari ya wati 70 hula takriban nusu yuniti kwa saa nane, ilhali kiyoyozi kinachovuta wati 1,000 mfululizo hula yuniti nane kwa muda huo huo. Tofauti utakayoipata izidishe kwa bei ya yuniti na kwa siku za mwezi. Kisha gharama ya kurekebisha nyumba anayoitaja fundi igawe kwa fedha utakazookoa kwa mwezi, nawe utajua itachukua miezi mingapi kurudi.

Kazi ya kwanza ni paa. Visiwa vyetu viko kwenye takriban nyuzi 5 hadi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa karibu na utosi, na bati hupokea joto kuliko ukuta wowote. Nyumba isiyo na dari iwekewe dari, na iliyo nayo itobolewe matundu yenye wavu chini ya upenu ili hewa ya moto iliyokwama juu ipate pa kutokea. Karatasi ya foili chini ya bati husaidia sana, mradi upande unaong'aa utazame nafasi ya wazi, kwani ikibanwa pande zote mbili haifai kitu. Kwa mwenye fedha kidogo, rangi nyeupe juu ya bati ndiyo nafuu kuliko zote. Paa la zege hutosha kwa chokaa, ila mvua za masika huiosha, hivyo ipakwe upya kabla ya kila kaskazi.

Baada ya sala ya isha, weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi wa chumba cha kulala. Ukiwa bado una moto, matofali ya saruji yamehifadhi jua la alasiri na sasa yanalitoa ndani. Ukuta huo unahitaji kivuli cha nje: upenu mrefu, kibanda cha makuti, au mti wa mkungu kwa mwenye subira ya miaka. Pazia zito la ndani halitoshi, kwa kuwa jua likishapita kwenye kioo joto limeshaingia. Milango ya mbao nje ya dirisha, kama ya nyumba za Mji Mkongwe, hulizuia kabla halijafika kwenye kioo.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hayafai vyumbani, kwani hufunguka nusu tu. Chagua yanayofunguka yote, yaelekeane, na wavu wa mbu ubaki.

Kiyoyozi kikihitajika bado, kiwekwe chumba kimoja kilichozibwa nyufa, kwa nyuzi 26, feni ikizunguka taratibu, na chujio lake lioshwe kila mwezi.