Kudi Chin: acha pua itangulie

Ukipanga ziara ya miguu mtaa wa Kudi Chin, Bangkok, usianze na historia. Anza na harufu. Pitia asubuhi, keki za khanom farang zikiwa bado zinaokwa: mayai, unga na sukari, urithi wa Wakatoliki wenye asili ya Kireno waliohamia hapa baada ya Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Thailand, kuanguka 1767. Wageni waonje kwanza, maelezo yafuate. Kanisa la Santa Cruz, hekalu la Wat Kalayanamit na msikiti wa Bang Luang vyote vinafikika kwa miguu, basi kila kituo kipe hisi moja tu, na mwongozaji anyamaze kidogo (wengi hawawezi!). Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Vichochoro vile ni kama uani kwa watu.