Jinsi ya kupima kama mtaa wenu unapitika na kiti mwendo

Wanafunzi wa Dar, mkipewa kazi ya haki za watu wenye ulemavu msikopi vifungu vya sheria mkaishia hapo, tokeni mkapime. Kwanza tafuteni mtu anayetumia kiti mwendo kila siku, mkikosa mtaani ulizeni CHAWATA, yaani Chama cha Walemavu Tanzania, na mumlipie nauli na msosi maana huyo ndo mwalimu wenu. Msiazime kiti mkazunguka nacho nusu saa mkadhani mmeshaelewa, jamani, kile ni kiti cha maisha ya mtu.

Bebeni tepu ya fundi, daftari na simu ya picha. Chagueni safari moja ya kweli, tuseme geti la shule mpaka kituo cha Mwendokasi. Vile vituo sakafu yake imelingana na sakafu ya basi, mtu anaingia bila kubebwa kama kwenye daladala, ila kukifikia sasa, mtaro hauna mfuniko, boda zimepaki juu ya rampu, ile njia ya mteremko ya kupandishia kiti, meza ya mtumba imekula njia yote. Sisi tulienda na mama mmoja tukakuta kingo ya sentimita 7, sisi tunairuka bila hata kuiona, yeye akasimama akageuza kiti akatuambia msininyanyue, shikeni mipini ya nyuma mnivute kinyumenyume taratibu. Hapo ndo nilielewa.

Rampu ipimeni hivi: kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka 12 za kwenda mbele, kwahiyo ngazi ya sentimita 15 inataka rampu ya sentimita 180, na nyingi mtakuta ni fupi mno, mtu anaweza kuanguka chali. Mlango upimeni ukiwa wazi, pabaki angalau sentimita 80 za kupita. Chooni angalieni kama mlango unafungukia ndani, maana mtu akishaingia na kiti hawezi kuufunga, atajisitiri vipi?

Mkimaliza andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa mtaa, kopi kwa diwani, wekeni picha na vipimo, tajeni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ombeni kitu kimoja tu, mfano mfuniko wa mtaro ule pale. Yule mliyetembea naye aisome kabla haijaenda, na siku ya kuipeleka awepo aongee mwenyewe. Baada ya mwezi rudini na tepu yenu.