Baba mtoto kauchuna na hela ya matunzo? Hivi ndo unavyodai malimbikizo

Tuelewane kwanza, hapa naongelea yule ambae kiwango kilishapangwa, mahakamani au ustawi wa jamii, akalipa miezi miwili mitatu alafu akauchuna, simu hapokei, meseji tiki za bluu na kimya. Hilo ni deni kama deni lingine, linadaiwa kwa karatasi, sio kwa kumfuata kazini ukamwage radhi wala kumuanika status. Matusi yako ndo atakayoyaprinti yeye apeleke kwa hakimu, na hapo kesi inageuka.

Cha kwanza angalia umeshika karatasi gani, maana hapa ndo wengi wanakwama. Kama mliandikishana tu kwa afisa ustawi, hayo ni makubaliano, ni ushahidi mzuri sana ila dalali wa mahakama hatoki nayo. Rudi kwa afisa huyohuyo, mwambie mwenzako kakiuka, amuite kwa barua, akigoma mwombe akusaidie kufungua maombi ya matunzo mahakama ya watoto, na hata yeye afisa sheria inamruhusu kuomba kwa niaba ya mtoto. Kama tayari una amri ya mahakama, usianze kesi upya, unarudi palepale kuomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa ilichokwishaamuru.

Kabla ya kwenda kokote nunua kaunta buku. Chora mistari minne: mwezi, alichotakiwa, alichotoa, kilichobaki. Mfano amri inasema 150,000 kwa mwezi, Januari katoa yote, Februari 50,000, Machi hamna kitu, Aprili 70,000. Alitakiwa 600,000, katoa 270,000, unamdai 330,000. Kila alichotoa kiandike, hata ile ada aliyolipa benki kwa jina la mtoto we andika pembeni na sema ililipwa lini, kwasababu akija na risiti ambayo hukuitaja basi hata ile miezi ambayo kweli hajalipa utaonekana unadanganya. Alafu toa statement ya hela za simu, miamala yake yote ipo humo, na meseji za "nitatuma mwisho wa mwezi" usizifute hata ukibadilisha simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa hivo, ila printi na simu yenyewe nenda nayo.

Sasa mahakamani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kipato au mali ya anaedaiwa kukamatwa, yaani akiwa na ajira anakatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia, akiwa hana ajira inaangaliwa gari, kiwanja, hela ya benki. Lakini mahakama haiendi kumpeleleza kwa niaba yako, kwahiyo nenda na taarifa: anafanya kazi wapi, namba ya gari, kiwanja kiko mtaa gani na mjumbe ni nani. Mtu anafika mikono mitupu anasema "ana hela nyingi huyo", hakimu afanyie nini hiyo sentensi?

Kingine, akishapata wito atakuja usiku na kiroba cha mchele na 50,000 akuambie yaishe, tumlee mtoto wetu. Pokea, mtoto anakula, ila mwandikie palepale kwamba umepokea sehemu ya deni, kiasi gani, tarehe gani, msaini wote. Kesi usiifute mpaka deni liishe.

Na jamani mtoto asigeuzwe rehani. Hela ni jambo moja, kumuona mtoto ni lingine, ukimnyima asimuone unampa cha kulalamikia na deni halipungui hata shilingi.

Kaka unaesoma hapa umeachishwa kazi, na wewe usikae kimya. Nenda uombe kiwango kipunguzwe, hakimu anaangalia kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaokutegemea na gharama za maisha za hapo mlipo. Ukinyamaza deni linapanda kwa kiwango kilekile cha zamani. Na ukikumbuka leo kwamba mtoto huenda sio wako, kipimo cha vinasaba kipo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali lakini unapitia mahakama au ustawi, huendi tu na mate ya mtoto kwenye chupa.

Mnakumbuka Aprili 2018 Makonda akiwa mkuu wa mkoa wa Dar alivyowaita kina mama waliotelekezewa watoto, ofisi ikafurika. Ilisaidia watu kuongea, sikatai, ila mkuu wa mkoa hana mamlaka ya kukata mshahara wa mtu, mahakama inayo. Polisi dawati la jinsia nenda kama anakutishia au anakupiga, kukusanya deni sio kazi yao. Huna hela ya wakili waulize TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure wakuelekeze. Zanzibar wana sheria yao ya mtoto ya 2011, huko anza na ustawi wa huko.

Ukifanikiwa akaanza kukatwa, kaunta buku usiitupe. Amri kwa kawaida inaenda mpaka mtoto afike miaka 18, na akiwa bado anasoma unaweza kuomba iongezwe, na mwajiri akibadilika makato yanakatika kimyakimya, utajua tu kwa kuangalia ule mstari wa tatu.